Pendo na Wenzake: Kina Kamili na Kina Karibu cha Neno 'Love' Mbele ya Sikio la Kiswahili

Utangulizi

Katika mijadala ya ushairi wa Kiswahili, kina kimezungumziwa mno kuliko kilivyosikilizwa. Tangu K. Amri Abedi achapishe Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, hadi mvutano uliozuka katika miaka ya sabini baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, swali kuu limekuwa moja: je, utungo usio na vina ni shairi? Upande mmoja ulishikilia kwamba vina na mizani ndiyo roho ya shairi. Upande wa pili ulisema kwamba hayo ni mavazi tu, na kwamba mwili waweza kusimama bila ya mavazi. Pande zote mbili zilikubaliana, bila ya kutamka, juu ya jambo moja: kwamba kina chenyewe ni kitu kinachojulikana, kwamba ama kipo ama hakipo.

Makala haya yanadhamiria kulitilia shaka kubaliano hilo. Njia itakayofuatwa ni ya kuzunguka kidogo. Litachukuliwa neno moja la kawaida katika Kiingereza, neno 'love', yaani pendo, na kuchunguzwa vina vyake vilivyo kamili na vile vilivyo karibu. Kiingereza kimechaguliwa kwa kuwa ushairi wake umekaa na tatizo la uhaba wa vina kwa karne nyingi, na katika kuhangaika na uhaba huo umejifunza mengi kuhusu daraja mbalimbali za ulingano wa sauti. Baada ya hapo itaonyeshwa kwamba daraja hizo zimo pia katika Kiswahili, ila arudhi haikuzipa majina, na kwa hivyo wahakiki wamekuwa wakizipita bila ya kuziona.

Neno na majirani wake

Kwa kanuni ya Kiingereza, maneno mawili huwa na kina kamili yanapolingana kuanzia irabu yenye mkazo hadi mwisho wa neno, huku konsonanti inayoitangulia irabu hiyo ikitofautiana. Kwa kipimo hiki, 'love' ni neno maskini. Jamaa zake wa damu ni wanne tu wanaofaa kutumika kwa kawaida: 'dove', yaani njiwa, 'above', yaani juu, 'glove', yaani glavu, na 'shove', yaani kusukuma kwa nguvu. Maneno ambatani kama 'turtledove' na 'foxglove' hayaongezi lolote, kwani yamezaliwa na hao hao. Wamarekani wana bahati kidogo zaidi, maana matamshi yao ya neno dogo 'of' huliingiza katika ukoo huu, na watunzi wa nyimbo za huko wameitumia nafasi hiyo barabara.

Matokeo ya uhaba huu yanaeleweka. Mtunzi wa Kiingereza akiisha kuuweka upendo mwishoni mwa mshororo, msomaji huanza kumwona njiwa akija kwa mbali, au huinua macho juu mbinguni kabla ya kuambiwa ainue. Alexander Pope, katika An Essay on Criticism ya mwaka 1711, aliwakejeli watunzi ambao msomaji huweza kuwatajia kina chao kabla hawajakifikia. Kejeli hiyo haikulitaja neno hili hasa, lakini inaliangukia sawasawa. Neno ambalo jamii hulitumia kwa jambo kubwa kuliko yote limepewa na lugha marafiki wanne, na mmoja wao ni vazi la mkononi.

Hapa inafaa kukumbuka rai ya W. K. Wimsatt, mhakiki wa Marekani, katika insha yake kuhusu uhusiano wa kina na maana iliyotolewa mwaka 1944. Wimsatt alieleza kuwa thamani ya kina haimo katika kufanana kwa sauti peke yake, bali katika mvutano kati ya sauti zinazofanana na maana zinazotofautiana. Kina kizuri huwakutanisha wageni. Kina hafifu huwakutanisha watu waliokwisha kuzoeana. Kwa mujibu wa rai hii, 'love' na 'dove' wameoana kwa muda mrefu mno hata hawasemezani tena.

Jicho na sikio

Mbali na hao wanne, kuna maneno ambayo jicho huyaona kuwa ni ndugu wa 'love' ilhali sikio la leo huyakataa. Haya ni 'move', 'prove' na 'remove' kwa upande mmoja, na 'grove', 'rove' na 'clove' kwa upande mwingine. Yote yameandikwa kwa mwisho ule ule, lakini yana irabu tatu tofauti. Asili ya vurugu hii ni ya kihistoria. 'Love' limetokana na 'lufu' la Kiingereza cha kale, lenye irabu fupi ya 'u'. 'Move' na 'prove' yaliingia kwa njia ya Kifaransa. Waandishi wa zama za kati walizoea kuiandika 'u' kama 'o' ilipokuwa jirani na herufi ambazo michoro yake ingeichanganya, na kwa hivyo maandishi yakayakusanya maneno ambayo baadaye matamshi yaliyatawanya.

Soneti ya 116 ya Shakespeare, iliyochapishwa mwaka 1609 pamoja na soneti nyingine 153, ni ushahidi mwema. Soneti hiyo ina jozi saba za vina. Katika matamshi ya leo, jozi tatu kati ya hizo hazilingani: 'love' na 'remove', 'come' na 'doom', na jozi ya mwisho, 'proved' na 'loved'. Msomaji wa leo asiyejua historia anaweza kudhani kwamba mshairi alichoka. Hata hivyo, wataalamu wa matamshi ya zama hizo, miongoni mwao David Crystal, wanaeleza kuwa maneno hayo yaliweza kutamkwa kwa irabu zinazolingana wakati huo. Kilichokuwa kina kamili kwa mtunzi kimekuwa kina cha macho kwa msomaji. Shairi halikubadilika; lugha ndiyo iliyohama na kuliacha.

Kuna funzo kubwa katika jambo hili. Soneti hiyo inazungumzia pendo lisilogeuka pale mambo yanapogeuka. Leo, neno lenyewe la pendo halilingani na wenzake katika beti ya kwanza wala katika mistari miwili ya tamati. Mhakiki makini hawezi kudai kwamba Shakespeare alikusudia hivyo. Huo ungekuwa uzushi. Lakini pia hawezi kukana kwamba msomaji wa leo husikia kitu kinachoteleza pale ambapo shairi linadai uthabiti. Ukamilifu wa kina, basi, si sifa ya kudumu ya maneno mawili. Ni makubaliano baina ya maneno, wakati na sikio.

Kiswahili nacho kina hali inayofanana na hii. Katika Kimvita, 't' ya meno na 't' ya ufizi ni sauti mbili tofauti zinazoweza kutenganisha maana, ilhali hati ya Kilatini inayotumika kwa Kiswahili sanifu huziandika kwa herufi moja. Msomaji wa bara anayesoma tungo za Mvita huona kina kimoja ambapo huenda mtunzi alisikia sauti mbili. Hali kadhalika, asiyetofautisha 'dha' na 'za' husikia kina ambapo mwingine anasikia kasoro. Anayehukumu shairi kwa jicho peke yake anahukumu tahajia.

Kina karibu si kina kilichoshindwa

Kundi la tatu la majirani wa 'love' ni la vina karibu. Hapo wamo 'enough' na 'rough', ambayo yana irabu ile ile na huishia kwa 'f' isiyo ghuna badala ya 'v' iliyo ghuna. Wamo 'blood' na 'sun', yanayolingana nalo kwa irabu tu. Na wamo 'live', 'give' na 'leave', yanayohifadhi konsonanti na kubadilisha irabu. Mlango huu ukifunguliwa, umaskini wa neno hugeuka kuwa utajiri. Upendo, uliokuwa umefungiwa pamoja na njiwa na glavu, sasa unaweza kusimama karibu na kutosheka, na damu, na kuishi, na kutoa, na kuondoka. Itaonekana mara moja kwamba haya ndiyo maneno ambayo upendo hukutana nayo katika maisha ya watu.

Hata hivyo, kina karibu kilichukuliwa kwa muda mrefu kuwa ni dalili ya udhaifu. Mfano unaoumiza ni ule wa Emily Dickinson, mshairi wa Marekani aliyefariki mwaka 1886 akiwa amechapisha mashairi machache mno. Mashairi yake yalipotolewa mwaka 1890 chini ya uhariri wa Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson, baadhi ya vina vyake karibu vilinyooshwa ili vimridhishe msomaji wa wakati huo. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1955, Thomas H. Johnson alipotoa toleo la mashairi 1,775, ndipo wasomaji walipoyapata kwa ukaribu zaidi na yalivyoandikwa. Wahariri wa kwanza hawakuwa na nia mbaya. Walidhani wanafuta makosa. Kumbe walikuwa wanafuta mashaka, na mashaka ndiyo yaliyokuwa maudhui.

Wilfred Owen alikipeleka kina karibu mbali zaidi. Katika "Strange Meeting", shairi la mwaka 1918, mwaka ambao yeye mwenyewe aliuawa vitani tarehe 4 Novemba, alizifunga konsonanti za mwanzo na za mwisho wa neno na kuiacha irabu peke yake ibadilike: 'hall' ikakutana na 'hell', 'groined' na 'groaned'. Ukumbi na jehanamu vinatenganishwa na irabu moja tu. Sikio hungojea maneno yapatane, nayo hayapatani. Hukaribiana na kuachana. Katika shairi linalowakutanisha askari wawili waliokuwa maadui, mmoja akiwa amemuua mwenziwe, hakuna kina kamili ambacho kingeweza kusema ukweli huo bila ya kuupamba. Hapa kina karibu hakikuja kwa sababu kina kamili kilikosekana. Kilichaguliwa kwa sababu kina kamili kingedanganya.

Guni na tabdila: ni nani apindwaye?

Arudhi ya Kiswahili ina neno kali kwa utungo unaokosea vina au mizani: huuita guni. Neno hili limefanya kazi njema ya kulinda ufundi, lakini limefanya pia kazi ya hakimu asiyesikiliza utetezi. Kwa sheria ya guni, Dickinson angehukumiwa na Owen angefukuzwa barazani. Je, hiyo ingekuwa hukumu ya haki?

Jibu linahitaji kutazama jinsi kila mapokeo yanavyotatua mgogoro baina ya neno na kina. Mshairi wa Kiswahili anapobanwa, arudhi humpa idhini ya kuligusa neno. Anaweza kulifupisha kwa inkisari, kulirefusha kwa mazda, au kulibadilisha mwisho wake kwa tabdila, kama vile 'dunia' kuandikwa 'duniya' ili isimame pamoja na 'hidaya'. Anaweza pia kukopa umbo la lahaja nyingine. Mshairi wa Kiingereza wa karne ya ishirini, anapobanwa vivyo hivyo, mara nyingi huliacha neno lilivyo na kukilegeza kina. Kwa maneno mengine, wa kwanza hulipinda neno ili kina kisimame, na wa pili hukipinda kina ili neno lisimame. Kila mmoja ana kitu anachokiheshimu na kitu anachokitoa mhanga. Anayemwita mwenziwe mvunja sheria amesahau ruhusa aliyopewa yeye.

Hapana shaka kwamba Kiingereza nacho kimewahi kupinda maneno, na kwamba wapo washairi wa Kiswahili walioviacha vina kabisa. Kezilahabi aliviacha katika Kichomi, Alamin Mazrui akaandika mashairi huru katika Chembe cha Moyo mwaka 1988, na kabla yao Julius Nyerere alikwisha kuitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963 kwa mistari isiyo na vina, kama ilivyo sehemu kubwa ya tamthilia yenyewe. Lakini kukiacha kina ni jambo moja, na kukilegeza kwa makusudi ni jambo jingine. Mjadala wa Kiswahili ulijishughulisha na la kwanza hata la pili likakosa nafasi.

Sikio la Kiswahili

Kina cha Kiswahili, kwa kanuni iliyozoeleka, ni silabi ya mwisho: konsonanti na irabu yake kwa pamoja. Sheria hii inapinzana na ile ya Kiingereza katika mambo mawili. Kwanza, Kiingereza hutaka konsonanti inayotangulia irabu ya kina itofautiane. Kiswahili hutaka ifanane. Pili, Kiingereza huanzia kwenye mkazo. Kiswahili, ambacho mkazo wake huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, huanzia baada ya mkazo. Kwa hivyo 'heshima' na 'nyuma', vina halali kabisa katika arudhi, vingekuwa vina karibu tu kwa sikio la Kiingereza. Kamili ya huku ni karibu ya kule.

Kwa upande wa wingi, Kiswahili kiko mahali pasipofanana kabisa na Kiingereza. Neno 'mapenzi' lina wenzake wengi: 'mwenzi', 'enzi', 'tanzi', 'mlinzi', 'ujenzi', 'simanzi'. 'Mahaba' yanakutana na 'haiba', 'toba', 'tiba' na 'msiba'. 'Pendo' linasimama na 'kitendo', 'mwendo', 'fundo' na 'kishindo'. Juu ya hayo, mnyambuliko wa vitenzi humpa mtunzi vina visivyokwisha: kila kauli ya kutendwa huishia kwa '-wa', na kauli ya kutendeana huishia kwa '-na'. Hapa ndipo hatari ya Kiswahili ilipo. Mtunzi wa Kiingereza huangukia uchakavu kwa sababu ya njaa. Wa Kiswahili huuangukia kwa sababu ya shibe. Beti inayoishia kwa 'pendwa', 'tendwa', 'lindwa' na 'fundwa' haina guni hata moja, nayo yaweza kuwa haina kazi hata moja. Na 'mapenzi' na 'simanzi' wamekwisha kuandamana katika nyimbo nyingi kiasi kwamba msikilizaji huanza kuhuzunika kabla ya kupewa sababu.

Sasa yachukuliwe maneno haya matano: 'panda', 'penda', 'pinda', 'ponda', 'punda'. Konsonanti hazikubadilika, irabu ya mkazo imepita daraja zote tano za lugha. Hii ndiyo mbinu ya Owen, tena kwa ukamilifu ambao Kiingereza hakingeufikia kwa urahisi. Lakini kwa arudhi ya Kiswahili hakuna kilichovunjwa, kwani maneno yote matano yana kina halali cha '-nda'. Kile ambacho Owen alikifanya kwa kuasi, mshairi wa Kiswahili anaweza kukifanya akiwa ndani ya sheria.

Kutokana na mfano huu inabainika kwamba ndani ya kina kimoja cha Kiswahili kuna angalau daraja tatu. 'Penda' na 'tenda' hulingana kuanzia kwenye mkazo. Ni ulingano mzito, wa kutulia. 'Penda' na 'ponda' hulingana kwa konsonanti zote na kupishana kwa irabu ya mkazo. Ni ulingano wenye mvutano, kama wa ndugu waliogombana. 'Penda' na 'tunda' hulingana kwa silabi ya mwisho pekee. Ni ulingano mwepesi, unaotimiza sheria na kuendelea na safari. Arudhi huziita zote tatu kina, na ni sawa. Lakini sikio halizisikii kuwa ni kitu kimoja. Mtunzi anayemaliza ubeti wa huzuni kwa 'penda' na 'ponda' amefanya jambo ambalo yule wa 'penda' na 'tunda' hakulifanya.

Uhakiki unaofundishwa katika shule za sekondari na hata vyuoni hauwezi kuliona jambo hili. Mwanafunzi huombwa kueleza umbo la shairi. Naye huorodhesha kwamba vina vya kati ni '-ma' na vya mwisho ni '-nda', kwamba vina vinabadilika kutoka ubeti hadi ubeti na kwa hivyo shairi ni ukaraguni, kisha hutunukiwa alama zake. Hakuna aliyemuuliza ni maneno gani yaliyokutanishwa na kina hicho, yametoka mbali kiasi gani kimaana, na silabi iliyotangulia ilisema nini. Amehesabu milango ya nyumba bila ya kubisha hata mmoja. Kwa utaratibu huo, mtunzi stadi na mtunzi mzembe hupata maelezo yale yale, mradi wote wawili wameepuka guni. Anayeumia ni yule stadi, na pamoja naye mwanafunzi, ambaye huondoka akiamini kwamba ufundi ni kutokosea.

Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kwamba washairi wa Kiswahili waige kina karibu cha Kiingereza. Kina karibu kilizaliwa na uhaba, na Kiswahili hakina uhaba. Wala hayapendekezi kulitupa neno guni, maana ipo mizigo ya mashairi yaliyokosewa kwa uvivu, na uvivu unastahili jina. Yanachopendekeza ni kwamba mhakiki asiishie kwenye kuthibitisha kuwapo kwa kina. Aulize kina kimefanya nini.

Historia ya neno 'love' inaonyesha kwamba kina kamili chaweza kuchakaa, kwamba chaweza kugeuka na wakati, na kwamba kina kisichokamilika chaweza kubeba ukweli ambao kilichokamilika hakiwezi. Historia hiyo pia inaonyesha hasara ya kuwanyoosha washairi bila ya kuwasikiliza: ilichukua miaka 65 kuyarekebisha yaliyofanywa kwa Dickinson mwaka 1890. Kiswahili kimejaliwa lugha ambayo 'pendo' na 'kitendo' hukutana bila ya kulazimishwa, na ambayo irabu moja tu huligeuza neno la kupenda likawa la kuponda. Utajiri huo umekuwamo siku zote ndani ya sheria yenyewe, katika silabi moja kabla ya ile inayohesabiwa.